Dari la Bi Ruzuna

Muheza nzima, mwenye mashine ya kuchanganyia zege alikuwa Bwana Mbaruku peke yake, mkandarasi mwaminifu kupindukia: mchanga wa mteja aliumaliza wote, saruji tu ndiyo aliyoionea huruma, akaenda kuihifadhi kwake.

Bi Ruzuna, mjane aliyekuwa akijenga ghorofa kwa kuuza vitumbua, hakuwa na mwingine wa kumpa kazi. Asubuhi ya kumwaga zege la dari aliikuta saruji yake imeshapakiwa kwenye gari la Mbaruku. Hakugomba. Alimletea chai.

"Ahsante mwanangu. Chumba cha chini nimempa mama mkwe wako akae bure."

Mbaruku akapaliwa. "Mkwe wangu?"

"Kitanda chake kitakaa katikati hapa. Anasema zege la mkwewe halimtishi."

Kumwuliza mkwe kama kweli anahamia ni utovu wa adabu, na kumkataza ni kukiri wizi. "Shusheni mifuko!" Mbaruku aliwafokea vibarua. "Na iliyoko kwangu irudisheni!"

Zege likashika kama jabali. Siku ya kung'oa mirunda iliyoshikilia dari, Mbaruku aliuliza kwa unyenyekevu, "Mama anahamia lini?"

"Mwulize mwenyewe," alisema Bi Ruzuna, akipanga vitumbua chini ya dari. "Mimi hata sura yake siijui."