Shufaa na Hati ya Nyumba ya Nyabiyonza

Wahenga hawakusema mtaka cha mvunguni asimame wima na kuamrisha. Walisema sharti ainame, maana anayetaka jambo hana budi kuipokea na taabu yake. Abdulghani wa Nyabiyonza, huko Karagwe, aliisikia methali hiyo tangu utotoni, lakini alidhani imetungwa kwa ajili ya watu wengine.

Zama za Mjerumani, mzee Hatibu, mwuza nguo aliyekuja Karagwe kutoka pwani akiwa kijana, alizeeka mpaka akili yake ikawa inakwenda na kurudi. Aliyemtunza ni binti yake, Shufaa. Alimpondea ndizi, akamwosha, akamgeuza ubavu asipate vidonda. Abdulghani, mtoto wa ndugu yake Hatibu, hakuonekana miaka mitatu. Alikuja mara moja, Shufaa akiwa kisimani, akaushika mkono wa mzee na kuuongoza utie alama kwenye hati iliyosema nyumba na duka amepewa yeye zawadi. Kisha akatuma salamu wahame kabla mwezi mpya haujaandama.

Shufaa alipandwa na hasira. Majirani walimshauri ameze mate machungu anyamaze, kwani karatasi haishindwi na maneno ya mwanamke, na kwa kadhi Bukoba ni mbali. Aliwajibu kwamba baba yake hatafia barazani kwa watu. Akamwomba jirani yake Maua ahamie pale amwangalie mzee, akajifunga kibwebwe na kushika njia. Alitembea siku nne na kuvuka mto kwa mtumbwi, akafika Bukoba visigino vimechubuka. Abdulghani alipopata habari alimfuata na hati yake, akicheka njia nzima.

Kadhi aliisoma hati, akamsikiliza Shufaa mpaka mwisho, kisha akamgeukia Abdulghani.

“Tangu upewe nyumba hii, umelala humo siku ngapi?”

Abdulghani aliinyoosha kanzu yake. “Hata moja, sheikh. Mle mnanuka mkojo wa mzee, na mimi ni mtu msafi.”

“Ufunguo unao nani?”

“Anao huyu.”

Kadhi aliikunja hati. Akaeleza kwamba zawadi haitimii kwa kuandikwa tu, ni lazima mtoaji aikabidhi na mpokeaji aishike; na mkono wa mtu asiyejua anachokitia alama haumfungi. “Hatibu bado analala katika nyumba yake,” alisema. “Hiba isiyokabidhiwa si hiba. Hakuna wa kumhamisha.”

Laiti Abdulghani angekaa hata wiki moja akimwuguza mzee, angalau angekuwa na la kujibu. Kinywa chake mwenyewe ndicho kilichomnyang’anya nyumba.

Huko nje alimzuia Shufaa njia, akamkebehi kuwa mtu aliyezoea kuinamia vyungu vya mkojo hana haya ya kushtaki wanaume. Shufaa alimtazama usoni.

“Kwa baba yangu nitainama mpaka siku nitakapomzika,” alisema. “Kwako wewe siinami, ndugu yangu. Nipishe, mzee ananingoja.”

Abdulghani alipisha. Aliitaka nyumba ya mzee bila kumwinamia mzee, akaikosa mchana kweupe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.