Kidari cha Ng'ombe wa Ushindi

Sogeeni, wajukuu, na mdomo wenye maneno uyameze. Ilikuwa zamani, zamani ile ambayo hata bibi yangu aliipata kwa kusimuliwa, naye akaisimulia akilia.

Palikuwa na vita. Adui alikuja na jeshi la kutisha, na makabila matatu yakaungana kumkabili. Watu wa Mlimani walipigana kwa mikuki. Watu wa Ziwani waliufunga mto kwa mitumbwi yao, adui asiletewe watu wapya. Na watu wa Bondeni je? Wale walichoma mtama wao wenyewe, shambani na ghalani, adui asipate hata punje. Bibi mmoja wa huko, Nakiete, alilitia moto ghala lake kwa mkono wake, mjukuu wake Sefue akiwa mgongoni.

Adui akashindwa, akafukuzwa mpaka kwao, na ghala lake la mtama likatekwa. Msishangilie! Nani amewaambia kisa kimekwisha?

Desturi ya siku zile ilikuwa hivi: ghala lililotekwa halifunguliwi mpaka kidari cha ng'ombe wa ushindi kiliwe, na kidari ni cha walioleta ushindi. Ng'ombe akachinjwa. Nakiete akafika barazani, miguu imevimba kwa njaa.

"Wazee wangu, sisi kidari hatukitaki," akasema. "Tupeni mtama. Nimemwacha Sefue anatafuna mizizi."

"Subiri, mama," akasema Kangero, mkuu wa Mlimani. "Kwanza tujue nani ameshinda. Mimi nimezika ndugu zangu wote. Kidari ni chetu."

"Chenu kwa lipi?" Shemboja wa Ziwani akaruka juu. "Bila mitumbwi yetu, mngezikwa na nyinyi!"

"Na sisi tuliochoma chakula chetu, nyinyi mkitusihi?" akauliza Nakiete.

Kangero akacheka. "Kuchoma mtama nako ni vita? Hata mtoto mtundu huchoma."

Baraza zima likacheka. Nawachukia watu wale mpaka leo, na wamekufa zamani.

Wakabishana, wakabishana. Nyama ikaoza, nzi wakashiba. Wakachinja ng'ombe wa pili. Wakabishana, wakabishana, na wa pili akaoza. Mnauliza kwa nini Nakiete hakuiba? Mlangoni pa ghala walisimama vijana wenye mikuki, tena vijana wa upande wake, walioshinda naye! Alipoona ng'ombe wa tatu anafungwa kamba, aligeuka. Akarudi Bondeni mikono mitupu.

Hapo Shemboja akachoka. "Tumuulize adui mwenyewe," akasema. Wakamleta mateka mmoja, mzee mwenye kovu shavuni. "Sema kweli. Nani aliyewashinda?"

Yule mateka akawatazama kama watu wasio na akili. "Mikuki tuliizoea," akasema. "Watu wapya hatukuwahitaji, tulikuwa wengi. Lakini tulichemsha mikanda ya ngozi tukaila. Halafu tukaanza kuwaangalia wenzetu waliokufa. Ndipo tukakimbia. Njaa ndiyo iliyotupiga."

Kangero akainama. Hakuwa mtu mbaya, wajukuu, na hilo ndilo linaloniuma. Akaamuru ghala lifunguliwe, mtama ubebwe wote, na kidari kiwekwe juu ya sinia, kifunikwe kwa majani mabichi. Kisha, maana heshima haitolewi kimyakimya, wakasubiri ngoma ziwambwe upya. Wakashuka Bondeni wakiimba.

Wakamkuta Nakiete peke yake, ameshika jembe, udongo mpaka kwenye viwiko. Alikuwa amemaliza kumfukia Sefue.

"Mama," akasema Kangero, "tumekubaliana. Walioleta ushindi ni watu wa Bondeni. Kidari ni chao, na ghala ni lao."

"Vizuri," akasema Nakiete. "Waite waje kula."

Kangero akapaza sauti, "Watu wa Bondeni!" Kimya. Akaita tena, "Enyi watu wa Bondeni!" Ngoma zikanyamaza. Akatazama nyumba hii, akatazama ile, na hakuna mlango uliofunguliwa. Akaita mpaka sauti ikamkauka, mwanamume mzima analia, na Nakiete hakumwambia anyamaze.

Basi, wajukuu, mkishinda jambo pamoja, mlisheni kwanza mwenzenu mwenye njaa. Nani alifanya zaidi, mtabishana mkiwa mmeshiba wote.

Kisa changu nimekitua hapa. Mwenye kulia alie, mwenye usingizi akalale, na asiwepo wa kulala na njaa.