Sebughe Aliyezima Matanuru ya Ngubwi

Tegeni masikio, enyi mlioketi mbele na ninyi mlioketi nyuma, maana habari hii hakuna aliyezaliwa juu ya mlima huu asiyehusika nayo. Ni habari ya zama ambazo Ngubwi ilikuwa haijapata jina, na watu wake walikuwa bado wanaitwa wageni. Mavoa alitoka upande wa machweo akiwa amebeba moto ndani ya chungu, akamzaa Kirua. Kirua akamzaa Nakijwa, binti, na baada ya Nakijwa akamzaa Sebughe, Sebughe Bega-la-Mwamba, Mla-Cheche, baba wa majembe, ambaye inasemwa siku aliyozaliwa hakulia bali alikohoa, kama mtu anayetoka penye moshi.

Sebughe alikua akawa mhunzi asiyekuwa na mfano. Fuawe yake ilikuwa jiwe jeusi la kufulia chuma, ambalo wanaume wanane walilivuta kwa kamba lisitikisike, na yeye alilisogeza kwa goti alipotaka kufagia. Alijenga matanuru saba kuizunguka chemchemi ya Mghimbi, kwa sababu udongo wake ulikuwa mzuri na miti ya mkaa ilikuwa karibu, na matanuru hayo yalipovuma, watu wa Nyika huko chini waliona moshi wakajua kwamba mlima una mwenyewe. Hapo kale Mkuu wa Nyika alikuwa akipanda kila mwaka kuchoma nyumba na kuteka watu. Tangu Sebughe aanze kuyeyusha chuma, Mkuu huyo alikubali kupokea mikuki sitini kila majani yanapokauka, akawaacha watu walale.

Lakini amani ile haikuwa ya wote. Watu wa Juu, waliokuja na Mavoa, ndio waliokuwa na misitu, na majembe yalipotoka kwenye moto yaliishia mikononi mwao. Watu wa Bondeni, waliofika baadaye, walilima kwa miti iliyochongwa, na maji waliyokunywa yalikuwa yamekwisha kupita kwenye majivu na takataka za chuma kabla ya kuwafikia. Hakuna aliyewaonea kwa makusudi. Ndivyo mambo yalivyokaa, na aliyekaa juu hakuwa na sababu ya kutazama chini.

Nakijwa, dada mkubwa wa Sebughe, ndiye aliyekuwa mtunza chemchemi. Kazi yake ilikuwa kuondoa majani, kufungua mfereji alfajiri na kuufunga jioni. Pembeni mwa maji kulikuwa na mwamba wenye ufa, na tangu ujana wake maji yalikuwa yakigusa ufa ule masika na kiangazi. Mwaka mmoja akaona yameshuka upana wa kidole. Alijiambia ni majani, akasafisha mara mbili kwa siku. Kiangazi kilichofuata yakashuka vidole viwili. Alijiambia kidole chake kimekonda kwa uzee, akapima kwa kidole cha mwenzake bila kumweleza sababu, yakawa yale yale. Hakumwambia mtu. Kila asubuhi aliteremka kwenye mwamba kama anayekwenda kumtazama mgonjwa, na kila asubuhi alirudi nyumbani akiwasalimu watu kwa sauti ya kawaida, huku akiwaza kwamba wote hawa wanaocheka wanakunywa kitu kinachokwisha.

Alinyamaza mpaka vidole vikawa vinne. Ndipo akapanda mwanamke wa Bondeni aitwaye Nantero, ambaye nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa kwenye mfereji, akiwa na kibuyu mkononi. Hakupiga kelele. Alimimina maji ya kibuyu kile miguuni pa Nakijwa, yakatoka mazito kama uji wa tope.

"Mama Nakijwa," alisema, "haya ndiyo tuliyokunywa jana. Leo hata hayo hayajafika. Binti yangu anaharisha siku ya nne. Nimekuja kukuuliza tu, nimwambie nini?"

Nakijwa alikipokea kibuyu. Alimjazia maji safi kutoka kwenye jicho la chemchemi, kisha akaenda moja kwa moja hadi kwenye tanuru la saba, alipokuwa ndugu yake, akasimama mbele ya mivukuto iliyokuwa ikipuliza moto.

"Mwana wa mama, maji yanaondoka."

"Kiangazi kimekuwa kirefu, dada."

"Vidole vinne, Sebughe. Yalianza ulipowasha tanuru la tano, ulipofyeka ule msitu wa juu ya Mghimbi. Nimepima kila asubuhi."

Sebughe aliitua nyundo. "Miaka yote hiyo! Mbona hukusema?"

"Niliogopa kwamba ni kweli."

 Mla-Cheche aliondoka akiwa na majivu usoni, akapanda hadi kileleni peke yake, akazunguka mlima kutwa nzima, na mahali ambapo alikumbuka msitu alikuta visiki, na chini ya visiki udongo umekuwa mkavu kama unga. Aliporudi alikuwa amevunja mpini wa shoka lake kwa mikono. Akaagiza pembe ipulizwe, Juu na Bondeni, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza watu wa pande zote mbili kusimama uwanja mmoja.

"Mimi Sebughe wa Kirua wa Mavoa nimewapa chuma," alisema, "na kwa mkono huo huo nimekuwa nikiwanyang'anya maji. Hakuna adui aliyewatenda hivyo. Kuanzia leo nazima matanuru sita na kuyavunja. La saba litakaa baridi mpaka miche tutakayopanda imzidi mtu mzima kimo mara mbili. Tutafua chuma cha zamani, na hakitapotea hata kipande. Maji yatafunguliwa kwanza kwa nyumba ya mwisho, kisha zamu itapanda nyumba kwa nyumba, na sisi wa Juu tutapokea nyuma ya wote."

 Kisha Kihame, mkubwa wa ukoo wa Juu, mtu aliyeheshimiwa na ambaye hakuwa mwoga, akauliza lile lililokuwa vinywani mwa wote: "Na majani yakikauka, mikuki ya Nyika itatoka wapi?"

Sebughe alisema hajui. Nakijwa alipolisikia neno lile alimsogelea hadi ubavuni, kwa kuwa tangu utoto wao hajapata kumsikia ndugu yake akisema hajui.

Hapo ndipo lilipotendeka lile ambalo hata Nyika hulisimulia. Sebughe Bega-la-Mwamba aliyapiga matanuru sita kwa nyundo yake hadi yakawa rundo la udongo mwekundu, kisha akainama, akaikumbatia fuawe, akaiweka begani, akaanza kuteremka. Njia ya kwenda Bondeni ina mawe yanayoteleza na genge lenye kina kirefu upande wa kushoto. Watu walimfuata kwa mbali, kwa kuogopa kwamba jiwe litamponda au litawaviringikia. Nakijwa peke yake alitembea nyuma yake karibu, akizihesabu pumzi zake, na kila mara pumzi ilipochelewa alifumba macho. Damu ilimtoka Sebughe puani ikamchuruzika kifuani. Mguu wake wa kulia ulizama ardhini hadi kwenye kifundo. Hakupumzika mpaka alipoitua fuawe mlangoni kwa Nantero, na nyumba zote za Bondeni zikatikisika.

"Jembe la kwanza litatokea hapa," alisema, kisha akaanguka, akalala siku mbili.

Majembe ya kwanza aliyafua kutokana na mikuki yake mwenyewe, na yakaenda Bondeni. Miche ikapandwa juu ya Mghimbi, na wanawake wa Bondeni, ambao walikuwa wamekaa maisha yao yote wakisubiri maji yateremke, walipanda na vibuyu kuinywesha. Kazi ilikuwa nyingi, lakini watu waliifanya huku wakigeuza shingo kila mara kuitazama Nyika. Majani yalikuwa yanapoteza ukijani. Yakawa ya manjano. Wenye mbuzi wakaanza kuwaficha mapangoni. Akina mama wakawafunga watoto migongoni hata wale waliokwisha kutembea, wasije wakahitaji kuwatafuta.

Siku moja Nakijwa, akiwa chemchemini, alisikia shoka. Alipanda akamkuta Kihame na wanaume sita wa Juu katika kipande cha mwisho cha msitu mkubwa, mti mmoja umekwisha kulala.

"Usipige kelele, Nakijwa," alisema Kihame, na macho yake yalikuwa mekundu. "Tanuru moja tu. Mikuki sitini tu. Tuna watoto."

"Nami naogopa kama ninyi," alisema Nakijwa. "Naogopa kuliko ninyi, maana mimi nimeanza zamani." Akaenda akaketi chini ya mti uliofuata, akaegemeza mgongo kwenye shina.

Hakuna ajuaye kama Kihame angelipiga shoka au angeliacha, kwa sababu wakati huo huo pembe ya Nyika ililia chini ya mlima.

Walikuja watu arobaini, wakiongozwa na Kimeta, mjumbe wa Mkuu wa Nyika. Sebughe alimpokea bila silaha. Hakumkaribisha uwanjani; alimpeleka hadi Mghimbi, na watu wakaona mjumbe mwenye manyoya kichwani akipita kati ya magofu ya matanuru, akishangaa.

"Ng'ombe wenu hunywa wapi kiangazi?" Sebughe alimuuliza.

"Mtoni."

"Mto huo huanzia hapa. Dada, mwonyeshe."

Nakijwa alimwonyesha ufa, kisha akamwonyesha maji yalipo. Kimeta alipiga goti, akaweka kidole chake juu ya mwamba, kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne, na cha tano, kwa maana kwa siku zile yalikuwa yameshuka tena.  Alikuwa amechunga ng'ombe utotoni, na alijua mwaka gani mto ulianza kufika nyikani ukiwa mwembamba.

"Mikuki yenu ndiyo iliyokuwa ikinywa maji ya ng'ombe wenu," alisema Sebughe.

"Mimi nimeona," Kimeta akajibu. "Bwana wangu hajaona. Nikirudi mikono mitupu atanichinja, kisha atapanda yeye."

"Basi usirudi mikono mitupu. Nichukue mimi. Niwe kwenu mpaka maji yatakapofika Nyika katikati ya kiangazi. Yasipofika, nipo mikononi mwenu."

Watu walilia, lakini hapakuwa na mwingine aliyekuwa na neno bora. Nakijwa alimshika ndugu yake kiwiko, akamuuliza kwa sauti ambayo wengine hawakuisikia: "Na yasiporudi?"

"Nitakuwa nimekosea, dada, na ninyi mtakuwa mmekufa kwa kosa langu nami niko hai. Hilo ndilo ninaloliogopa. Mengine siyaogopi." Akateremka katikati ya watu arobaini, na alikuwa mrefu kuliko wote, hata walipofika mbali aliendelea kuonekana.

Mwaka wa kwanza maji yalishuka kidole kingine. Watu walimtupia Nakijwa maneno mazito, na siku moja mawe yalipiga mlango wake. Wa kwanza kuja kukaa mlangoni pale alikuwa Nantero, na binti yake aliyepona. Mwaka wa pili maji yalisimama palepale. Mwaka wa tatu yalipanda nusu ya kidole, na Nakijwa alipima mara tatu, akaenda nyumbani asimwambie mtu, akarudi akapima tena. Kihame, ambaye alikuwa ameuangusha mti mmoja, alipanda miche mia kwa mikono yake na hakukubali kusaidiwa. Mwaka wa saba, katikati ya jua kali, maji yaligusa ufa.

Baada ya hapo Kimeta alipanda tena mlimani, mzee, akiwa na mtu mmoja tu, na badala ya silaha alikuwa amebeba maziwa. Watu walitoka wote kumlaki. Alisema kwamba Sebughe aliishi nyikani kwa heshima, akawafundisha kufua vyuma vilivyovunjika, wasiitishe tena vipya; na kwamba siku mto ulipofika zizini kiangazi, alipiga magoti, akatumbukiza mikono, mabega yakamtikisika, wasijue kama anacheka au analia. Mkuu wa Nyika mwenyewe akamwambia aende kwao.

"Alitutangulia kwa siku tano," alisema Kimeta, akiwatazama mmoja mmoja. "Alikataa kusindikizwa. Alisema ataufuata mto hadi nyumbani. Yuko wapi?"

 Sebughe alikuwa hajafika.

Walitafuta kingo zote mbili za mto, Juu na Bondeni na Nyika pamoja, mwezi mzima. Hawakukuta unyayo, wala nguo, wala mfupa. Wapo wasemao alikunywa maji mengi kwa furaha akageuka kuwa mto. Wapo wasemao alikuta kijiji kingine chenye moshi mwingi akasimama huko. Nakijwa hakusema lolote kati ya hayo, na hakuruhusu matanga. Aliishi miaka mingi, na mpaka kufa kwake hakuna aliyethubutu kutamka mbele yake kwamba Sebughe amekufa.

Ndiyo maana sisi Wangubwi hatuna kaburi la kuwaonyesha. Hatukati mti juu ya Mghimbi, mnajua. Na maji yetu huanzia nyumba ya mwisho, mnayanywa hivyo kila siku. Na watu wa milima mingine wanapoomba, huelekeza nyuso kileleni. Sisi husimama tukakipa kilele mgongo, tukatazama chini kwenye njia itokayo Nyika, wazee kwa watoto, kwa kuwa mtu wetu yuko njiani, na hatutaki afike akute hakuna anayemtazamia.