Tao la Msikiti wa Mkokoni

Niitikieni, maana hadithi isiyoitikiwa hulala njiani.

Hapo kale watu wa Mkokoni walijenga msikiti kwa matumbawe na chokaa. Tao la kibla liliwashinda, wakamwita fundi mgeni, Mbwarafumo. Hakuwa msemaji, na mgeni asiyesema hushukiwa.

Akajenga tao, asubuhi likawa chini. Akajenga tena, likawa chini. Akajenga mara ya tatu, likawa chini.

"Ameficha hirizi mbaya ukutani," akasema Mwana Kazija, mtawala wa mji. "Leo anatoka."

"Bibi, nikitoka na jina la uchawi, hakuna mji utakaonipokea," akasema fundi.

Ndipo mawe yaliyoanguka yakasema: "Anatujenga vizuri. Ila kila jioni, chokaa ikiwa mbichi, mnakuja mmoja mmoja kutuchokonoa, mkitafuta hirizi. Nyosheni vidole."

Wakanyosha. Vyote vilikuwa vimebabuka kwa chokaa, hata vya Mwana Kazija.

"Mimi nilichungulia tu," akasema.

"Kwa kidole?" yakauliza mawe.

Fundi akajenga mara ya nne, na watu wakafunga mikono nyuma mpaka chokaa ikakauka. Tao likasimama. Wakaswali, wakamwomba fundi radhi, naye akawasamehe.

Walipokuwa wakitoka, Mwana Kazija akasita mlangoni.

"Jamani, tangu lini mawe yakasema? Nani aliyeyafundisha?"

Wote wakageuka kumtazama fundi. Fundi akaanza kufunga mzigo wake.

Hadithi yangu naiacha hapo. Mwenye shaka na aende akatazame, lakini asiguse.