Kwa Nini Seli Hujibomoa Ikiguswa Mlango

Mwili ulipokuwa bado mpya, seli zake hazikujua kufa. Seli ikichoka ilijigawa ikawa mbili, basi, maisha yakaendelea. Hakukuwa na matanga, maana hakukuwa na wa kulilia. Wakubwa wa juu, kina Ubongo, walipoletewa habari za mitaa ya chini waliitikia “aha”, wakarudi kwenye mambo yao.

Katika mtaa wa Mapafu aliishi seli mmoja, jina lake Siwatu. Ukuta kwa ukuta naye aliishi pacha wake, Havintishi. Mama yao alijigawa asubuhi moja, nusu ikawa huyu na nusu ikawa yule. Tangu hapo dada hawa waliongea kupitia ukutani mchana kutwa, umbea na matani, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba yeye ndiye nusu yenye akili.

Mtaa ule ulijivunia desturi moja: mgeni haulizwi atokako. Alikabidhiwa jiko siku ileile, apike apendacho, mwenyeji naye ale. Ustaarabu, walisema. Ustaarabu gani wa kumwachia jiko mtu usiyemjua hata jina! Lakini ndivyo walivyolelewa.

Siku moja hodi ikapigwa kwa Siwatu. Mgeni alikuwa kitu kidogo, kikavu, hana mzigo ila kikaratasi kilichokunjwa. Alikuwa kirusi, ingawa jina hilo lilikuwa halijafika mtaani. Siwatu akamkaribisha, akamwonyesha jiko. Mgeni akakunjua kikaratasi chake mbele ya meko, na jiko la Siwatu likaanza kupika kilichoandikwa humo. Kilichoandikwa ni mgeni mwenyewe. Kufika adhuhuri wageni walikuwa wawili. Alasiri walikuwa ishirini, wote sura moja, wote wanabugia unga wa Siwatu, na hakuna hata mmoja aliyesema asante.

“Dada, kwako leo kuna harusi?” Havintishi akauliza ukutani. “Mbona vishindo?”

“Wageni.”

“Wangapi?”

“Usiniulize wangapi. Niulize mimi mwenyewe nimekaa wapi. Nimesimama.”

Havintishi akacheka mpaka ukuta ukatikisika. “Si ulitaka sifa? Haya, lea!”

Mwisho wa mtaa aliishi Mzee Bakunda, ambaye alikuwa amekaribisha wageni wa aina hiyohiyo siku mbili kabla. Aibu ilimzuia kusema kwamba nyumba imemshinda. Jioni ya siku ile Siwatu alipopata mgeni, Bakunda akapasuka. Nyumba ilifumuka kama gunia bovu, maji makali ya jikoni yakaunguza kuta za majirani, na wageni kwa mamia wakatoka na kuingia kila penye mlango. Nyumba tisa zikateketea. Mwili mzima ukashikwa na homa.

Hapo ndipo walinzi wa Damu walipofanya kikao na kutuma matarishi. Zamani tarishi alikwenda peke yake akipiga kelele, na kila seli ikasikia ilichotaka kusikia. Safari hii wakatumwa watatu watatu, wameshikana mikono, wote watatu wauguse mlango kwa mpigo mmoja, asiwepo wa kusema hakuelewa. Watatu wa kwanza wakasimama kwa Siwatu.

“Hodi, mwenye nyumba.”

“Karibuni. Ila nafasi hakuna.”

“Hatuingii. Tumetumwa tukwambie ubomoe.”

“Nibomoe nini?”

“Nyumba.”

“Na mimi nikakae wapi?”

Kule kikaoni hakuna aliyeliandalia jibu swali hilo.

“Bimkubwa, sisi tunaleta ujumbe tu,” akasema mmoja.

“Mnaleta tu! Na hao waliowatuma, wao zamu yao ya kubomoa ni lini?”

Siwatu akashusha sauti. “Nisipobomoa?”

“Utapasuka kama Bakunda. Wa kwanza kumwagikiwa ni huyo wa ukuta wa pili.”

Siwatu akaweka kiganja ukutani. Upande wa pili Havintishi alikuwa akiimba, tena vibaya, kama kawaida yake. Ukuta ulikuwa umeanza kupata joto.

Akachukua kisu cha jikoni. Alianza na kile kikaratasi, akakichanachana, kisha akachana maandishi yake yote aliyorithi kwa mama yake. Akakata nguzo moja baada ya nyingine. Kila kilichokatika alikifunga furushi dogo, wageni wakiwa humohumo ndani wanapiga mateke, akakaza fundo lisivuje hata tone.

“Siwatu, mbona umenyamaza?”

“Nafunga mizigo.”

“Unasafiri bila kuniaga?”

“Ukiona mkeka wangu wa chumbani umetandikwa nje, upande wa ndani umetazama juu, njoo ule.”

“Nile nini?”

Havintishi aliuliza mara ya pili, na ya tatu. Alipotoka akaukuta mkeka mlangoni, na nyuma yake hakuna nyumba, mafurushi tu. Walinzi walikuwa hawajafika kuyazoa, na mafurushi yakichelewa kuliwa yangevuja. Akaketi akala peke yake, moja baada ya jingine, akilia. Katika furushi la mwisho kulikuwa na kisu, na mkono uliokishika.

Havintishi hakupasuka. Siku yake ya kujigawa ilipofika, walitoka mabinti wawili, kila mmoja na kisu kwenye ala. Hakuwaambia ni cha kazi gani.

Tangu hapo kila seli huzaliwa na kisu chake. Matarishi watatu wakigusa mlango kwa mpigo mmoja, seli hujikata kutoka ndani, hujifunga mafurushi, hutandika mkeka nje, na majirani hula bila kelele. Wewe unaamka kifua kimepoa, unasema dawa imekukubali. Zipo seli zilizoziba milango matarishi wasisikike, zikavitupa visu vyao. Hazikuaibishwa wala kufukuzwa. Zilinenepa, zikazaana, zikajaza mitaa mpaka Mwili ukaanguka, na hizo watu wamezipa jina, wanaziita saratani. Zilizotii hakuna aliyezipa jina.