Hodi Kutoka Ghalani

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mmeitika kinyonge, kama mliokula kiporo cha juzi? Sogeeni, watoto kwa wakubwa. Na wewe unayetafuna huko nyuma, meza kwanza. Hadithi hii haitaki mdomo uliojaa.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na adabu kutushinda sisi, hodi haikuachwa bila jibu. Ukisikia hodi, unasema karibu. Ndivyo walivyolelewa.

Chini ya kichuguu kimoja aliishi panya buku, jina lake Bi Mashavu. Buku mnamjua, mashavu yake ndiyo vikapu vyake. Alikuwa na jino la mbele lililopasuka, na mwana mmoja wa kike, Kijino. Huyo Kijino ndiye aliyekuwa roho yake.

Bi Mashavu hakuwa mvivu, tusimsingizie. Alfajiri yuko shambani, adhuhuri amerudi, mashavu yamefura. Akifika ghalani, pwe! karanga. Pwe! viazi. Pwe! mapera juu ya viazi, mua juu ya kunde. Nitapanga kesho, akajiambia. Kesho akaleta vingine. Lundo likapanda mpaka likagusa dari, na mwenyewe hakujua tena kilichomo. Wakati wa kula walichukua kilichogusa mkono, na kilichogusa mkono kila siku ni pera lililoiva au kipande cha mua. Kunde na viazi vilikuwa chini huko, vinaoza kimyakimya.

Siku moja, jua la utosi, ulimwengu umetulia, hata nzi hasikiki, Bi Mashavu akasikia mtu anasema:

"Hodi."

Akajibu karibu, mdomo umejaa, wala hakugeuka. Akangoja mgeni aingie. Hakuingia mtu. Akachungulia nje. Jua tupu, majani hayatikisiki. Ndipo mwili ukamsisimka. Hodi ile haikutoka mlangoni. Ilitoka ndani, ghalani, nyuma ya lundo.

Akatega sikio. Nyam. Nyam. Nyam.

Siku ya pili, saa ileile, hodi. Alitaka kunyamaza, lakini mazoea yana tabu. Akasema karibu. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye lundo, na tumbo limeshiba. Akala. Kijino akala. Na nyuma ya lundo, nyam, nyam, nyam, mtu anakula pamoja nao.

Siku zikaenda hivyo. Hodi, karibu. Hodi, karibu. Kijino akaacha kucheza. Tumbo likavimba kama ngoma, miguu ikaisha nguvu. Kutoka kitandani hadi mlangoni anaketi mara mbili. Ukimwekea kunde anageuza uso. Adhuhuri moja akafumbua mdomo akasema, "Mama, nipe tamu," na sauti haikuwa yake. Ilikuwa ile ya ghalani.

Hapo Bi Mashavu aliogopa kweli. Masika hayakuwa mbali, na masika maji huingia mashimoni. Kila buku hupanda kwa mlango wa juu, mrefu, mwembamba, kwa miguu yake mwenyewe. Mashavu hubeba karanga, hayabebi mtoto. Asiyeweza kupanda hubaki humo.

Akakimbia kwa jirani yake, Shangazi Fuko. Fuko haoni, hilo mnalijua. Lakini alimkuta anapika bila kupapasa. Mtama upande huu, kunde upande ule, mizizi ukutani, cha asubuhi mbele, cha jioni nyuma. Bi Mashavu akasahau kilio chake, akamuuliza anawezaje.

"Mimi sioni, ndiyo maana kila kitu changu kina kwao," Fuko akasema. "Wewe una macho, umeyategemea."

Bi Mashavu akamweleza yote, machozi yanamtoka. Fuko akaacha kukoroga chungu.

"Njaa hupiga hodi mlangoni, mwanangu. Anayepiga hodi kutoka ndani anaitwa Uchu. Na wewe umemkaribisha kwa kinywa chako."

Akauliza atamfukuzaje. Fuko akamwambia mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi, ni aibu. Kisha akataka kujua amekaa siku ngapi. Bi Mashavu hakujua. Tangu mapera yaanze kuiva, hakuhesabu.

Fuko akacheka kidogo. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hukufundishwa? Nenda kampe jembe lake."

Kesho yake, jua la utosi, Bi Mashavu akasimama mbele ya lundo, majembe mawili mkononi. Kijino amelala pembeni, anahema.

"Hodi."

Hakusema karibu. Akasukuma mpini wa jembe moja gizani, kati ya lundo na ukuta. "Mgeni, shika jembe. Leo tunapanga ghala."

Nyam nyam ikakoma. Kisha mpini ukavutwa, taratibu, mpaka ukamponyoka. Na sauti ikauliza, karibu kabisa na sikio lake, "Tuanzie wapi?"

Manyoya yakamsimama. Angekimbia, haki ya Mungu angekimbia. Akamtazama Kijino, akabaki. Akasema waanzie chini.

Wakachimba. Kwa! kwa! huku. Kwa! kwa! kule. Vilivyooza, nje. Karanga kapuni. Kunde na mtama mbele, mkono unapofika kwanza. Mapera machache, juu kabisa, ya baada ya chakula. Akapanga na siku yenyewe: asubuhi mtama, adhuhuri kunde na majani, jioni kiazi. Na kadiri lundo lilivyoshuka, jembe la kule likasikika karibu zaidi. Kwa. Kwa. Likabaki fungu moja la mua katikati yao. Bi Mashavu akafumba macho, akaliondoa, akafumbua.

Hapakuwa na mtu. Jembe lilikuwa sakafuni, bado lina joto la mkono. Akaliokota. Kwenye mpini palikuwa na alama za meno, za mtu aliyeng'ata kwa uchungu. Akazipapasa kwa kidole. Alama ya jino la mbele ilikuwa imepasuka katikati, kama jino lake mwenyewe.

Hakumwambia mtu.

Kijino alilia siku za kwanza. Alisusa, akamwaga kunde, kunde zikawekwa tena. Mwezi ukaandama, ukaandama tena. Masika yakashuka, maji yakaingia gu! gu! gu! na Kijino akawa wa kwanza kupanda mlango wa juu, akageuka kumwambia mama yake afanye haraka.

Hodi ile ipo mpaka leo. Bi Mashavu akiisikia, hutazama ghala lake, akajua kilichopo na saa ya kula bado. Halafu huuliza, "Nani?" Hajibu mtu.

Basi jueni, nyumba isiyopangwa mwenye kupakua ni uchu. Panga ghala lako na mlo wako kabla tumbo halijasema. Hadithi yangu inakomea hapa, mlangoni mwa ghala. Na wewe wa huko nyuma, hodi niliyoisikia sasa hivi imetoka wapi? Usiijibu.