Kwa Nini Salamu Zetu Zina Mkia

Nimewasikia mkinung'unika, na msidhani masikio yangu yamezeeka pamoja na magoti. Mnasema salamu za huku Upareni zinachosha. Mtu anaulizwa hujambo, na nyumbani, na shambani, na kwa wazee, na huko utokako, mpaka uji unapoa. Haya, kaeni. Mkijua zilikotoka mtaendelea kunung'unika, lakini kwa sauti ya chini.

Kulikuwa na wakati salamu ya milima hii ilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi. Hujambo, sijambo, basi, kila mtu na njia yake. Na watu walikuwa na adabu moja waliyoishikilia kwa meno: mtu hujibu alichoulizwa, hazidishi. Kutoa habari zako bila kuulizwa kulikuwa ni kujitangaza, na mwenye kujitangaza alichekwa mpaka na watoto. Alikuwepo mzee mmoja aliyeunguliwa na nyumba. Asubuhi yake akapita njiani na shuka la kuazima, akaulizwa hujambo, naye akajibu sijambo. Wala hakusema uongo. Yeye hakuungua. Iliyoungua ni nyumba, na nyumba hakuna aliyeiulizia.

Siku hizo ndipo Nakijwa alipoolewa na Kiangi, mtoto wa Mzee Mkwizu. Mzee Mkwizu ndiye aliyekuwa mtunza ndiva, yaani lile bwawa la udongo na mawe ambalo maji ya chemchemi hujaa ndani yake, kisha asubuhi kizibo kinavutwa na kila shamba linapata kwa zamu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache alikuwa hayarudishi nyuma. Sasa mtu kama huyo akaletewa mkwe aliyezaliwa katika nyumba ya watoto tisa, nyumba ambayo ukitaka kujua nani amekula na nani hajala ni lazima uulize. Nakijwa aliuliza kama wengine wanavyopumua. Ndama huyu mbona anachechemea? Chungu hiki nani alikipasua? Mumewe alikuwa akimsikiliza anacheka mpaka anajishika mbavu, na hakuna siku hata moja aliyomwambia anyamaze. Nakijwa alimpenda kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote.

Lakini siku moja alikuja mgeni wa heshima, mzee mwenzake na Mkwizu. Nakijwa akampa maji, akamwamkia vizuri, kisha akamuuliza, "Na mama wa nyumbani kwako hajambo?" Kumbe mke wa yule mzee alikuwa amefungasha akarudi kwao mwezi uliopita, na kijiji kizima kilijua na kijiji kizima kilikuwa kimenyamaza. Mgeni alikunywa yale maji kama anakunywa mwarobaini. Alipoondoka, Mzee Mkwizu alimwita mkwe wake mbele ya watu wote wa nyumba. Akasema kuanzia leo, mtu mmoja, swali moja. Siku atakayozidisha la pili, Kiangi atamshika mkono amrudishe kwa baba yake. Kiangi alijaribu kumtetea, akaambiwa akae chini. Mama Kiangi, yaani mama mkwe, alikuwepo pale pale na ungo wake. Aliendelea kuchambua kunde.

Basi Nakijwa akaanza kuishi kwa swali moja moja. Jamani, aliteseka. Alikuwa akikutana na mtu amefungwa kitambaa jichoni, anamuuliza hujambo, anajibiwa sijambo, anabaki na kitambaa chake moyoni mpaka jioni. Alikonda kidogo. Maharage yalipotoa maua alikuwa bado hajakosea hata mara moja, na watu wakaanza kusema mkwe wa Mkwizu ametulia.

Ukaja mwezi wa ukame mkali. Asubuhi moja Nakijwa na mama mkwe wake walikuwa kandokando ya ndiva wakizoa tope lililoganda, na Mzee Mkwizu amekaa juu ya ukuta, mkono kwenye kizibo, anagawa zamu. Akaja Namkunda, mama wa watoto wanne, ambaye nyumba yake ilikuwa bondeni chini ya ukuta pamoja na nyumba nyingine sita. Mzee akamuuliza hujambo, akasema hajambo. Kisha Namkunda akasema zamu yake ya leo apewe mwingine. Waliokuwa kwenye foleni wakagombania ile zamu kwa furaha, na hakuna aliyemuuliza mtu mwenye shamba anaachaje maji wakati wa kiangazi.

Nakijwa alimtazama miguu. Miguu ya watu wote pale ilikuwa myeupe kwa vumbi. Ya Namkunda ilikuwa na tope bichi mpaka kwenye vifundo.

"Hujambo, dada?" akamuuliza.

"Sijambo."

Swali ndilo hilo, limekwisha. Namkunda akageuka kwenda zake. Nakijwa akainamia tope lake, akalizoa, akalimwaga, akazoa tena. Alifikiria nyumba yao, na kicheko cha Kiangi, na aibu ya kuingia kwa baba yake amebeba mkeka wake kichwani. Aliogopa, tena sana. Kisha akatazama tena ile miguu inavyokwenda, na mdomo ukamshinda.

"Na nyumbani?"

Namkunda akasimama. Hakuzoea. "Nyumbani wazima," akasema.

"Na kwa watoto?"

"Watoto wanacheza."

Mzee Mkwizu alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua. Nakijwa alikisikia vizuri sana, lakini maji yakimwagika hayazoleki, akaendelea. "Na shambani?"

"Shambani maharage yananawiri."

"Nakijwa," akasema mzee, na kusimama.

"Na huko kwenye migomba, chini ya ukuta?"

Hapo uso wa Namkunda ukafunguka, kama mtu aliyekuwa na jambo lake zuri akakosa wa kumwambia. Akasema huko kwenye migomba kuna neema tupu. Leo siku ya tatu maji yanachipuka yenyewe kwenye mashina, usiku na mchana, mazito, rangi ya uji wa ulezi, hata ameona haya kuchukua zamu mbele ya wenzake.

Nyinyi mnaolima mabondeni mnalijua hili, na Mzee Mkwizu alilijua kuliko nyinyi. Ndiva ikivuja maji maangavu, ni jasho tu. Ikivuja maji ya tope, ukuta unaliwa kutoka ndani. Mzee alibaki mdomo wazi pale pale alipokuwa ameufungua ili kumfukuza mkwe wake. Kisha akakivuta kizibo chote, maji yakafumuka kwenye mfereji bila kujali zamu ya nani, naye akapiga pembe mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Ukaitishwa msaragambo, kazi ya wote. Wakaja wenye majembe na wasio na majembe, na Kiangi mbele yao. Watoto wa bondeni wakapandishwa mlimani na kuku wao. Wakachimba, wakakuta fuko ametoboa ukuta upande hadi upande, na tundu limepanuka mkono wa mtu unapita. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema, lakini siku ile ukuta ungeondoka na nyumba saba. Walishindilia udongo wa mfinyanzi na vigogo vya migomba, wakashindilia tena, na jua lilipokuwa linainama maji ya kwenye migomba ya Namkunda yakakoma.

Watu wakakaa chini, wametapakaa tope, wanacheka kwa uchovu. Kidogo kidogo vicheko vikakatika. Walikuwa wamekumbuka lile neno la Mzee Mkwizu, na walijua hana desturi ya kurudisha neno. Kiangi akamshika mkewe mkono, na hakuna aliyejua amemshika ili amzuie au ampeleke. Nakijwa alitazama chini.

Mama Kiangi ndiye aliyesema. Alikuwa anajipangusa miguu kwa jani la mgomba, wala hakuinua uso.

"Mimi nilikuwepo, na hesabu ninaijua," akasema. "Swali lilikuwa moja. Lilikuwa na mkia tu."

Wa kwanza kucheka alikuwa yule mzee aliyeunguliwa na nyumba, akafuatia Namkunda, kisha wote. Mzee Mkwizu hakucheka. Aliinuka, akaenda mpaka alipokaa mkwe wake, akasimama mbele yake.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, baba."

Wote walidhani yamekwisha, maana zamani yalikuwa yanaishia hapo. Lakini mzee alikuwa kama mtu anayeinua jiwe asilolizoea.

"Na kwenu?" akasema. "Na kwa baba yako, wazima?"

Tangu aolewe hakuna mtu katika nyumba ile aliyemuuliza hivyo. Nakijwa alitaka kujibu, akashindwa, akalia mpaka kamasi, huku anacheka. Alipopata sauti akawataja ndugu zake wote wanane, mmoja mmoja, na mzee akawasikiliza wote wanane.

Mjukuu wangu anayefundisha Kiingereza mjini ananiambia hata Waingereza wana haya mambo ya maswali yenye mkia. Neno lao la kuunganisha likitangulia, neno la mahali linalifuata nyuma kama ndama: na nyumbani je, lakini kazini je, au kwa upande wa watoto je. Mimi Kiingereza sikijui. Ila kama ni kweli, basi na kwao liliwahi kuvuja bwawa.

Na tangu siku hiyo, ukikutana na mtu wa milima hii asubuhi, hakuachi kwenye sijambo. Atakuuliza na nyumbani, na shambani, na kwa wazee, na huko kwenye migomba hata kama huna mgomba. Usimkimbie, na usihesabu maswali. Simama ujibu mpaka mwisho wa mkia, maana huyo anasikiliza kama kuna maji yanayovuja.